Babu wa Teksi Anajibu: Carina ya "mama wa Raskazone"

Msimu wa machungwa ukichanganya kule Muheza, barua za magari nazo huongezeka. Pesa ikiingia mfukoni, mtu anaanza kuiona baiskeli yake imechoka. Nimeendesha teksi katika mji huu wa Tanga miaka 27, nimemiliki magari madogo saba, mawili kati ya hayo yakanifilisi, kwa hiyo ninayosema hapa nimeyalipia kwa pesa yangu. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imebeba maswali ya wenzake wengi.

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Pongwe. Nina watoto watatu na mama mkwe anayekwenda kliniki Bombo kila mwezi. Nimetoa akiba yangu SACCOS, shilingi milioni 8. Dalali mmoja amenionyesha Toyota Carina Ti ya mwaka 1999, cc 1500, namba ya usajili ya kundi la herufi C. Anataka milioni 7 na nusu, anasema maongezi yapo. Eti mwenye gari ni mama mmoja wa Raskazone, alikuwa analitumia kwenda sokoni na kurudi tu. Dashibodi inasoma kilometa 98,000 na rangi inang'aa kama imepakwa jana. Mume wangu anasema tuachane na gari la wazee, tutafute IST. Nifanyeje? – Mwalimu, Pongwe.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo mama wa Raskazone namjua sana. Hakuna aliyewahi kumwona, lakini ameuza magari mengi kuliko yadi yoyote. Kila dalali ana mama wake, na wote hawaendi kokote ila sokoni. Simtukani dalali wako, ila mwambie akupeleke kwa huyo mama ukamwamkie. Akikwambia mama kasafiri, yuko Dar, simu yake haipatikani, basi wewe unanunua gari kwa dalali, na hesabu zako zianzie hapo.

Tumalize kwanza la mumeo. Carina Ti si chaguo baya hata kidogo. Injini yake ya cc 1500 ni ile 5A, ukoo mmoja na Corolla za wakati ule. Mafundi wa Ngamiani wanaifungua huku wanapiga soga, na spea zake utazipata mpaka Korogwe. IST ni gari zuri na halinywi mafuta, lakini kwa pesa yako utapata iliyochoka, kisha umpandishe mama mkwe nyuma na watoto watatu, halafu uniambie gunia la mkaa linakaa wapi. Buti la Carina linameza gunia na ndoo mbili juu yake. Mimi nasimama na Carina. Kinachobaki ni Carina ipi.

Nenda kaliangalie saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na waambie mapema kwamba lisiwashwe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, aga kwa heshima, sema utarudi kesho. Injini iliyolala usiku kucha haina pa kuficha. Fungua mfuniko wa rejeta wakati huo huo wa ubaridi, usije ukaufungua injini ikiwa moto, utaungua uso. Ndani unataka kuona kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, yenye rangi yake, ya kijani au nyekundu. Ukikuta maji matupu yenye rangi ya chai, gari limetunzwa kwa maji ya bomba na rejeta inaliwa na kutu. Ukiona mafuta yanaelea juu, funga, shukuru, ondoka. Kisha fungua kizibo cha oili utazame upande wa chini. Ukikuta kitu kama mtindi kimeganda, huenda maji na oili vimeshakutana humo ndani, na hiyo ni kazi ya kushusha silinda hedi, yaani kichwa cha injini.

Sasa mumeo asimame nyuma, wewe uwashe. Moshi mwepesi mweupe wa asubuhi unaokatika ni mvuke tu. Moshi wa bluu, hata ukitoka mara moja ukapotea, ni oili inaungua. Muuzaji atasema "hiyo ni kawaida ya magari ya zamani". Ni kawaida ya magari ya zamani yanayohitaji fundi.

Liache linaunguruma dakika 20, AC ikiwa imewashwa, ninyi mkizungumza bei. Mshale wa joto upande, usimame chini kidogo ya nusu, utulie hapo. Ukiwa unapanda polepole kila unapoutazama, acha maneno ya bei.

Kisha liendeshe, na usikubali kuzungushwa mjini. Mji wetu ni tambarare, ndiyo maana umejaa baiskeli. Gari bovu linaweza kupita Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini na Moja lisitoe siri hata moja. Lipeleke Muheza, uingie njia ya Amani, mpaka Zigi mlima unapoanza. Kwenye kupanda, injini ikipiga kelele na gari lisiongeze mwendo, gia boksi inateleza. Mkisimama, gari likiwa limepata moto, toa D ya kwenda mbele weka R ya kurudi nyuma: likishtuka kama limepigwa teke, ni huko huko. Mafuta lipia wewe. Lita kumi ni nafuu kuliko gia boksi.

Tuje kwenye rangi, maana hiyo ndiyo iliyonishtua kuliko yote. Gari la 1999 halina sababu ya kung'aa kama jana. Ama limegongwa, ama limeoza, ama lilikuwa teksi. Na teksi ni somo langu.

Gari langu la tatu lilikuwa Carina kama hiyo, nyeupe, na ule mstari wa teksi ubavuni. Niliyemuuzia alilipaka rangi ya fedha akaliuza. Baada ya miezi kama sita nikaliona limeegeshwa pale Chumbageni, karatasi imebandikwa kiooni, dalali anamwapia mtu kwamba ni la mchungaji. Nikasogea. Nililitambua kabla ya kusoma namba. Kwanza paa: palikuwa na tundu mbili za skrubu nilizotoboa mwenyewe kufungia kibao cha TAXI. Walizijaza puti, ile rojo ya mafundi rangi inayoganda, lakini puti hunywea, na ukiinama usawa wa paa jua likiwa ubavuni unaviona vidimbwi viwili vidogo. Pili, nikafungua mlango, nikavuta raba ya fremu kwa kidole, na chini yake rangi nyeupe ikanichungulia. Tatu, na hili wengi hawalijui, nikakaa kiti cha nyuma upande wa kushoto. Sponji ilikuwa imekufa. Gari la familia hujichosha kiti cha dereva. Teksi huchoka nyuma kushoto, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto mwa barabara, abiria anapanda kutoka ukingoni, na mlango ule unafunguliwa na kufungwa mara arobaini kwa siku. Kwa hiyo kaa pale, mwalimu. Tikisa kitasa cha mlango ule, kisha tikisa cha upande wa pili, ulinganishe.

Kuhusu hizo kilometa 98,000, wewe ni mwalimu, gawanya. Gari la 1999 kwa umri wake huo ni kama kilometa 10 kwa siku, Japani na hapa. Inawezekana, lakini ithibitishwe. Tazama raba ya pedali ya breki na ngozi ya usukani, maana hizo hazirudishwi nyuma kwa kompyuta. Halafu fungua boneti utafute stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani. Mafundi wa kule hubandika wanapobadilisha taimingi belti, ule mkanda unaopanga mwendo wa vali za injini, na huandika kilometa. Injini hii inatumia belti, ya kubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi. Stika ikisema belti ilibadilishwa kilometa 120,000 na dashibodi inasema 98,000, usigombane na mtu. Ipige picha tu.

Na tuseme kweli liliishi Raskazone. Basi limekula upepo wa bahari. Beba sumaku ndogo ya friji iliyofungwa kwa kitambaa, uipitishe chini ya milango na kwenye mikunjo ya juu ya matairi. Inapokataa kushika ujue pana puti. Inua kapeti ya miguuni kwa dereva na ubao wa tairi la spea, ubonyeze bati kwa gumba. Likitoa sauti ya biskuti, bodi imeoza.

Karatasi sasa. Namba ya chasisi ya gari hili imechongwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na dashibodi. Carina ya cc 1500 huanza na AT212. Isome herufi kwa herufi huku mumeo ameshika kadi ya gari. Namba ya injini vivyo hivyo, maana injini nyingi zimeshabadilishwa na kadi haijui. Jina la kwenye kadi liwe la mtu anayepokea pesa yako, na kitambulisho chake cha NIDA ukione. Kadi iwe halisi, si fotokopi. Gari lenye mkopo, kadi yake mara nyingi imelala benki, na muuzaji atakupa hadithi ndefu kuhusu kabati lililofungwa. Angalia pia kwa namba ya gari kama lina faini za trafiki zisizolipwa, na kama lilikaa Dar ulizia deni la ushuru wa maegesho.

La mwisho: kwa milioni 8 usinunue gari la milioni 7 na nusu. Pigania milioni 6 na nusu. Inayobaki ni ya belti mpya, oili zote, betri ikibidi, bima, kubadilisha jina, na matairi. Tazama ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2217 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2017. Tairi kama hilo hata likiwa na meno marefu ni mpira uliokauka.

SWALI: Babu, nauza Premio yangu ya 2004, cc 1500, namba D. Nimepata mteja, anaishi Korogwe ila zamani alikuwa jirani yetu, tulikuwa tunasali msikiti mmoja. Anataka kunipa nusu leo na nusu baada ya miezi mitatu. Anaomba gari aondoke nalo pamoja na kadi akaionyeshe benki apate mkopo wa kumalizia. Mke wangu hataki. Kuna ubaya? – Kijana wa Sahare.

JIBU: Msikilize mkeo.

Mwaka 2012 niliuza Corolla yangu, ile tunayoiita "mia moja", kwa bwana mmoja ninayemfahamu vizuri. Alinilipa zote, taslimu, tukahesabu juu ya boneti. Nikampa kadi. Akasema "wiki ijayo naenda kubadilisha jina". Mimi nikaona kuna haja gani ya kumfuatilia mtu aliyelipa mpaka shilingi ya mwisho? Tukaachana kwa dua.

2016, saa nne usiku, simu. Askari, mpole tu, ananiuliza kama mimi ndiye mwenye gari namba fulani. Nikajibu nililiuza zamani. Akasema, "Mzee, huku linasoma jina lako." Lilikuwa limemgonga mwendesha baiskeli karibu na Hale na dereva amekimbia. Mungu saidia, yule wa baiskeli alivunjika mkono tu. Siku mbili nilikwenda na kurudi Korogwe kujieleza. Kilichoniokoa ni daftari la mjukuu wangu la hesabu. Siku ya kuuza marehemu mke wangu alilazimisha tuandikishane, na karatasi ya kati ya lile daftari ilikuwa na majina, tarehe, kidole gumba cha mnunuzi na sahihi ya mjumbe wetu wa nyumba kumi. Nilikasirika siku ile kwamba ananiaibisha mbele ya mgeni. Juu ya hayo nikakuta ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, iliyokuja kufutwa 2017, imelimbikizana miaka minne kwa jina langu, kwa gari ambalo sikujua hata limepakwa rangi gani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi mali nilikuwa nimeshalipwa, na bado nusura nipotee nayo.

Na huyo alinilipa zote! Wewe wako analipa nusu.

Kwa hiyo, mwanangu, mwambie jirani yako hivi, kwa upole: akitaka mkopo, benki watakueleza wewe na yeye mkiwa pamoja wanahitaji nini, na fotokopi ya kadi inatosha kwa maongezi ya kwanza. Kadi halisi haitoki nyumbani mpaka nusu ya pili iingie. Gari nalo, kwa maoni yangu, lisitoke. Atasema humwamini. Mjibu kwamba ni sharti la mkeo. Sisi waume tuna faida hiyo, tuitumie.

Akikamilisha, nendeni kwa wakili mkaandike mkataba wa mauziano, na ndani yake msiandike tarehe peke yake, andikeni na saa ya kukabidhiana. Saa ina maana: ajali ya saa tisa alasiri si yako kama ulikabidhi saa sita mchana. Piga picha dashibodi inayoonyesha kilometa. Pesa ipokelewe benki, kwenye dirisha, si kwa kuonyeshwa meseji ya muamala kwenye simu yake. Meseji yoyote mtoto wa darasa la sita anaweza kuiandika. Tazama salio lako mwenyewe. Halafu, siku hiyo hiyo, mwende TRA mkabadilishe umiliki, ninyi wawili, kila mtu na TIN na kitambulisho chake. Sheria inawapa siku 30 baada ya mauziano, lakini hizo siku 30 ndizo zilizonipeleka Korogwe. Gari halijauzwa mpaka mfumo useme limeuzwa.

Bei hukuniuliza, ila nitakwambia kitu kimoja: usilipake rangi kabla ya kuliuza. Osha, safisha viti, badilisha taa iliyoungua, basi. Mikwaruzo ya ukweli inauza kuliko rangi mpya inayotia shaka.

SWALI: Kwa nini Premio za zamani za cc 2000 zenye maandishi D-4 zinauzwa bei ya chini kuliko za cc 1800? Ni nafasi nzuri? – Fundi cherehani, Makorora.

JIBU: Ni nafasi nzuri ya kumfahamu fundi wako kwa karibu. D-4 inanyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na pampu yake ya presha haitaki uchafu kabisa. Petroli ya kwenye madumu haiiwezi. Ikiwa nzima ni gari tamu, ikianza kusumbua utauza cherehani. Chukua 1800.

SWALI: Nimenunua gari, sasa dalali anadai asilimia 5 kutoka kwangu na kumbe muuzaji pia amemlipa. Ni halali? – Mama ntilie, Kange.

JIBU: Dada yangu, uhalali mwachie shekhe. Ninachouliza ni kimoja: mlikubaliana kabla? Kama hukuahidi, huna deni, mpe ya soda kwa kukutembeza juani. Kama uliahidi kwa mdomo mbele ya watu, lipa, na safari nyingine muulize dalali kabla hajakuonyesha hata tairi: "Wewe unalipwa na nani?" Anayejibu haraka bila kukohoa, fanya naye kazi.

SWALI: Babu, na wewe mwenyewe unaendesha gari gani? – Wanafunzi wanne, Usagara.

JIBU: Baiskeli, Phoenix nyeusi, kengele yake mbovu. Gari la saba niliuza mwaka jana kwa muuguzi mmoja kijana. Nilimwambia AC yake inapoza asubuhi tu, ikifika saa sita inatoa upepo wa kawaida, na kioo cha nyuma kulia hakipandi mpaka ukisaidie kwa kiganja. Akacheka, akakata 300,000, nikakubali. Tukaenda TRA pamoja. Alitaka kunirudisha nyumbani kwa gari, nikamwambia atangulie, mimi nina jambo dogo pale dirishani. Nilirudi kumuuliza yule binti mara ya pili kama kweli jina limebadilika. Akageuza kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Kisha nikatoka, nikapanda daladala ya Makorora.